Ubao wa Shemeji Donatien

Siku ya tatu ya kilio cha Yaya Astride, dada yangu mkubwa, binti yake Nadine alinifuata jikoni, akaegemea mlango ili mtu asiingie, akaniuliza baba yake alikufa na nini. Nilikuwa nakoroga sombe, majani ya muhogo, katika sufuria kubwa la kuazima, na uani wanawake walikuwa wakipanga viti vya plastiki. Nadine ana miaka thelathini na miwili sasa. Baba yake alipofariki alikuwa bado ananyonya. Asubuhi ile alikuwa amepita nyuma ya wanaume walioketi kando ya mbabula wakiota moto wa makaa, akamsikia Papa Albert, kaka mkubwa wa baba yake, akimwambia jirani kwa sauti ya chini: “Ule mwenye kulalisha ndugu yetu ku mbao sawa mufu, naye alishafwata.” Yaani Yaya ndiye aliyemlaza mume wake juu ya ubao kama maiti, na sasa naye amemfuata. Maneno hayo Yaya aliyabeba tangu ujana wake. Nadine alikuwa ameyasikia vipande vipande akiwa mtoto, lakini hakuwahi kuyasikia mazima namna ile, tena mama yake akiwa ndiyo kwanza amezikwa. Nilimwambia nitamjibu kabla kilio hakijafungwa. Akasema, “Weye unajua, mama mudogo.” Hakuwa anauliza. Alipotoka nilisimama pale na mwiko mkononi mpaka sombe ikaungua.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikiwa mwaka wa pili wa sheria katika chuo kikuu kule Kasapa. Nilikuwa na kitanda changu katika chumba cha wasichana sita, na daftari zangu nilizozifunika kwa karatasi ya kaki kama mtoto wa shule ya msingi. Mwezi wa nane, shemeji yangu Donatien, mume wa Yaya, alianguka kutoka juu ya mbao za paa la nyumba aliyokuwa akiijenga. Alikuwa seremala, na watu walisema hakuwa mtu wa kuteleza. Lakini mbao zilikuwa na umande, naye aliteleza. Alikaa hospitalini wiki saba. Alipoletwa nyumbani nyuma ya gari la mizigo, miguu yake haikuwa inasikia kitu, wala kiuno. Yaya alikuwa na mtoto wa miezi miwili. Nilifunga daftari zangu katika mfuko wa nailoni nikahamia kwao, na kila mtu aliniambia ni mwaka mmoja tu, nitarudi. Sikurudi. Nimekuwa mwalimu wa useremala kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuwa kitu kingine chochote, na wasichana ninaowafundisha hunicheka kwa sababu kuna somo moja ninalolirudia mara tatu, nne, mpaka wanalijua kama sala. Sijawahi kuwaambia sababu.

Nyumba ilikuwa moja ya zile nyumba za matofali zilizojengwa zamani kwa wafanyakazi wa migodi: sebule tuliyoiita salon, vyumba viwili, jiko nyuma, na mbele barza ndefu ya simenti nyekundu. Atelier ya shemeji, karakana yake, ilikuwa upande wa pili wa lupango, ule ua wa nyumba: banda la mabati lenye nguzo sita, hatua kama ishirini kutoka dirisha la salon. Tulimweka salon kwa sababu chumba chao kilikuwa na giza. Picha ya ndoa ilibaki ukutani, viti viliwekwa nje, na katikati kikasimama kitanda cha chuma cha springi ambacho kilikuwa kimelegea tumboni kama machela. Ukimlaza pale, mgongo wake ulikunjika katikati na kidevu kikagusa kifua. Daktari alikuwa ametuambia mambo matatu: alale juu ya kitu kigumu kisichobonyea, ageuzwe kila baada ya saa mbili, na atolewe nje apate jua. Yaya aliyarudia mambo hayo matatu kila asubuhi akiwasha makaa, kwa sauti, kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kuvuka barabara. La kwanza ndilo lililotushinda. Fundi jirani alitupigilia mbao tatu nene za mulombwa, ule mti mwekundu mgumu. Zilikuwa nzito hivi kwamba zilihitaji wanaume wanne kuziinua bila mgonjwa, na tulipojaribu kumbeba juu yake kwenda nje, zililegea katikati, nikaona uso wa shemeji ukibadilika rangi. Tukamrudisha. Siku ile tulikula bukari, yaani ugali, na bitoyo, yule samaki mkavu wa chumvi ambaye Yaya alimloweka tangu asubuhi lakini chumvi ikagoma kutoka.

Ni yeye mwenyewe, akiwa amelala, aliyesema tutengeneze ubao wa tumbo tupu. Aliniita nikaketi karibu na kichwa chake. Shemeji alikuwa na tabia ambayo nimejaribu maisha yangu yote kuiiga: alikuwa hawezi kukupa amri bila kukupa sababu yake, na kama hukuelewa sababu alitafuta nyingine, kisha nyingine, bila kuonyesha kwamba amechoka. Aliniambia nilete vifuniko viwili vya daftari. Akavishika pamoja, kimoja juu ya kingine, akavikunja, vikakunjika kirahisi. Akanionyesha jinsi kingo zake zilivyoachana: cha juu kilikuwa kimeteleza juu ya cha chini. Kisha akaniuliza kitatokea nini nikiviweka mbali kidogo, upana wa vidole vinne, nikavifunga kwa kitu katikati visiweze kuteleza. Nilifikiri. Nilisema havitakunjika. “Njo vile,” akasema, “kila kimoja kitamukataza mwenzake.” Ndiyo kanuni nzima, na hata wewe unayesoma bila kuwahi kushika randa unaweza kuielewa. Kitu kikitaka kulegea katikati, upande wake wa juu lazima ujifupishe na wa chini lazima ujirefushe. Ukiwa na ngozi mbili nyembamba za triplex, yaani plaiwudi, na katikati yake fito zilizosimama kwa ubavu, zimepishana kama trei ya mayai, na kila mahali zinapogusana pamepakwa kole, ile gundi nyeupe ya maseremala, basi hakuna ngozi inayoweza kujifupisha wala kujirefusha peke yake. Ndani kuna hewa tupu, kwa hiyo ubao ni mwepesi. Mfupa wa kuku umejengwa hivyo hivyo, alisema, na tete la mtoni.

Tulifanya kazi ile kwa majuma mawili, mimi kwa mikono, yeye kwa maneno. Nilikuwa nikikata fito kumi atelier, kisha ninavuka lupango na kuzipeleka salon, namwonyesha moja moja mbele ya macho yake. Alifumba jicho moja. “Hii iko na mimba, bibi mudogo. Irudishe.” Aliniita bibi mudogo, yaani mke mdogo, kama mashemeji wa kwetu wanavyotaniana, na Yaya kutoka jikoni alimjibu kwamba yule bibi mkubwa ametosha, huyo mdogo atamlisha nini, kole? Yalikuwa majuma mazuri, na ninasita kuyaandika hivyo. Nilijifunza kunoa patasi. Nilijifunza kukata nafasi ya nusu kimo katika kila ufito ili ukipishana na mwenzake zikae sawa, wala usiwe wa juu wala wa chini. Mikono yangu iliota malengelenge, yakapasuka, yakawa magumu. Mchana Yaya alituletea lengalenga, mchicha wetu, na bukari, tukala sote karibu na kitanda, na shemeji alikuwa akinilisha maneno huku Yaya anamlisha yeye. Alisema fito ni kazi ya subira, lakini siku ya kole ni kazi ya uaminifu. Kabla kole haijakauka, alisema, kitu kizima ni laini, kinafuata umbo la chochote kilicho chini yake. Ikishakauka hakifuati kitu tena. Kwa hiyo nilaze boriti mbili ndefu juu ya meza ya atelier, nizisawazishe kwa kabari, niweke fimbo mbili zilizonyooka, moja kila mwisho, nichuchumae, niangalie juu ya fimbo ya karibu mpaka niione ya mbali. Zikiwa sambamba, nipake kole. Moja ikiinua pua, nisipake.

Siku ya kole mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilikuwa Novemba. Bati la atelier lilivuja mahali pawili, na mahali pamoja palikuwa juu ya meza hasa. Nilihamisha boriti, nikapata tone lingine. Triplex ikianza kunywa maji imekwisha, na nilikuwa na vipande viwili tu. Nikavibeba kimoja kimoja chini ya shuka la plastiki mpaka barza, mahali pakavu, penye nafasi na mwanga. Simenti ya barza ile ilikuwa nyekundu, imesuguliwa kwa nta miaka na miaka mpaka inang'aa, na kwa macho ilikuwa sawa kama maji kwenye beseni. Nikalaza ngozi ya kwanza pale chini, nikapaka kole, nikapanga fito, nikapaka tena, nikaifunika kwa ngozi ya pili, nikaweka juu mifuko miwili ya unga wa mahindi, matofali ya simenti, na jiwe la kusagia. Boriti zilibaki atelier, na fimbo mbili zilibaki juu yake. Shemeji aliita kutoka ndani, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya mvua. Aliuliza kama niliangalia na fimbo. Nikasema ndiyo, shemeji.

Mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba zile ameshajua kosa langu. Barza zake hazikumwagwa sawa. Waliozijenga waliziinamisha kuelekea pembe moja, palipo na kitundu ukutani, ili maji yatoke. Mimi mwenyewe kila asubuhi nilimwaga ndoo mbili za maji pale, nikayasukuma kwa raba ya kufagilia, nayo yalikimbia yenyewe kwenye ile pembe ya kushoto. Nilifanya hivyo asubuhi ile ile, saa mbili kabla ya kole. Ningeweza kulifanya jambo hilo nikiwa nimefumba macho, na labda hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Kama barza ingekuwa imeinama yote kwa pamoja, upande mmoja, kama paa, isingedhuru kitu. Lakini pembe tatu zilikuwa juu na moja chini, na sakafu ya namna hiyo imejisokota. Ubao wangu ulilala juu yake usiku mmoja na mchana mmoja, ukiwa na uzito mkubwa mgongoni, ukajifunza msokoto ule.

Nilipoondoa mifuko ya unga, niliupiga ubao kwa kifundo cha kidole ukalia kama ngoma. Nikauinua peke yangu, na nilicheka kwa furaha kwa jinsi ulivyokuwa mwepesi. Nikaulaza juu ya viti viwili, nikapanda katikati yake kwa miguu yote miwili, haukubonyea hata unene wa ukucha. Kisha, kwa sababu moyo ulikuwa umeanza kuniambia kitu, nikaenda kuzileta fimbo. Nilichuchumaa. Fimbo ya mbali ilikuwa imeinua pua upande wa kulia, kidole kimoja na nusu. Nikaugeuza ubao, nikaangalia tena. Hapa ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu kila mwaka. Kiti kikilegea unaweza kukikaza. Mlango ukivimba unaweza kuupiga randa. Ubao wa namna hii ukikauka umepinda, hauna dawa, kwa sababu ule ugumu tuliouomba ndio unaoushikilia upinde wake. Nilikuwa nimesimama hapo na kole imekwisha na triplex imekwisha, na ndani Yaya alikuwa ameshawaita vijana wawili wa jirani waje kumhamisha mumewe, na alikuwa ameshaufulia shuka la maua ya bluu lililokuwa la siku ya ndoa. Niliuweka ubao salon juu ya vigogo viwili, mahali pa kile kitanda, nikakata kipande cha katoni, nikakikunja mara nne, nikakiweka chini ya pembe iliyoning'inia ili usiyumbe. Yaya alipokiona alisema sakafu ya nyumba hizi ni mbovu kabisa. Nikasema ndiyo, Yaya.

Walimlaza. Alitazama dari. Aliuteremsha mkono wake wa kulia, akaupitisha kwenye ukingo wa ubao polepole, kisha wa kushoto vilevile. Mikono ya seremala. Nilikuwa nimesimama miguuni kwake, nikaangalia mikono ile inakwenda na kurudi, na nilingoja. Akasema, “Muzuri. Aksanti, bibi mudogo.” Siku ile ile, mvua ilipopumzika, mimi na Yaya tulimbeba, wawili tu, mmoja kichwani mmoja miguuni, tukamtoa hadi nje kwenye jua, na mgongo wake haukukunjika hata kidogo. Yaya aliimba akifua nepi. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu mwezi wa nane.

Papa Albert alikuja juma lililofuata kutoka kaskazini, kwa treni, na begi moja na kuku wawili. Alikuta mdogo wake nje, amelala juu ya ubao mtupu wenye godoro jembamba, juu ya vigogo viwili. Alisimama kwenye lango la lupango bila kusalimia. Kwao, kama kwetu, anayelazwa ku mbao ni yule aliyekwisha kuoshwa. Alipoketi na Yaya barza niliyasikia maneno yake kutoka jikoni, nikichambua dagaa wa kapenta: kwamba mgonjwa hulala kwenye kitanda, kwamba mwanamke anayemzoesha mumewe ubao anamwonyesha njia. Yaya alimweleza habari za daktari, kwa upole, mara mbili. Papa Albert akasema madaktari hawakuoa katika familia hii. Shemeji alimwita kutoka nje, akamtania, akamwambia aje apime kama maiti anaweza kumshinda kwa mchezo wa dama. Papa Albert hakucheka. Alilala siku mbili akaondoka.

Kidonda kilionekana siku ya kumi na saba. Kilikuwa upande wa kushoto, juu ya mfupa wa nyonga, chekundu kwanza, kisha cheusi katikati. Infirmier, yaani muuguzi, aliyekuwa akija kwa baiskeli, Papa Sylvain, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikisafisha. Alirudi siku mbili baadaye, na kilikuwa kimefunguka. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango wa chumba, Nadine yuko mgongoni mwangu, nikamsikia akimwuliza Yaya, kwa sauti ya kutaka kuelewa tu, juu ya nini kidonda iko ku kushoto pekee, na kulia hakuna kitu. Yaya akasema, “Pengine njo miye sijue kumugeuza. Mbele ya Mungu, Papa Sylvain, ninafanya sawa uliniambia.” Nikamsikia akianza kulia, na Papa Sylvain akimwambia si kosa lake, vidonda hivi huja, hata hospitalini huja. Labda alisema kweli. Nimewauliza madaktari wawili tangu wakati ule, na wote wawili walisema kingeweza kuja hata juu ya ubao ulionyooka. Nawashukuru, lakini mimi ndiye niliyekuwa nyuma ya pazia. Mgongo usiosikia hauwezi kukuambia kwamba uzito wote umemiminikia upande mmoja. Mimi nilikuwa nimeambiwa, na fimbo mbili.

Mchana ule Yaya alikwenda sokoni. Niliingia salon, nikapiga magoti karibu na kichwa chake, nikamwambia kila kitu, barza, mvua, fimbo, katoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. “Nilijua siku ya kwanza,” akasema. “Bega iko inasikia.” Nikamwuliza kwa nini hakusema. Alifikiri, kama alivyofikiri kila nilipomwuliza jambo, akitafuta sababu ambayo ningeielewa. Akasema hakudhani kimekuwa kikubwa hivyo. Kwamba juu ya kiuno aliona kidogo tu, na chini ya kiuno hakujua. Kisha akasema, “Kila siku nilisema, leo atasema. Naye Astride alikuwa anaimba.” Nililia. Aliniacha nilie, halafu akaniambia tutengeneze mwingine, na kwamba nisimwambie Yaya kwanza. Atamwambia mwenyewe, wakiwa wamelala juu ya ule ulionyooka, na itakuwa kitu cha kucheka. Nilikubali haraka sana. Naijua leo haraka ile ilikuwa ya nini.

Wa pili tuliujenga kwa siku nane. Alitaka abebwe mpaka atelier, juu ya ule wa kwanza, akiwa amewekewa mito upande wa kushoto, na alilala kati ya vumbi la randa akitazama kila kitu kwa macho yake. Tulitengeneza bati kwanza. Nilizilaza boriti, nikapiga kabari, nikachuchumaa na fimbo zangu mara kumi, mara ishirini, na alinifanya nimwambie kwa sauti ninachoona. Zilikuwa sambamba. Aliniambia niangalie tena baada ya kuweka uzito, kwa sababu uzito nao huhamisha mambo. Niliangalia tena. Ubao ule ulinyooka kama uzi, na ndio kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Sijui kama ningeweza kuutengeneza tena leo. Alilala juu yake kuanzia kabla ya Noeli. Lakini kidonda kilikuwa kimeshaufikia mfupa. Januari homa ilianza kuja jioni, kisha asubuhi na jioni. Salon ilikuwa na harufu ambayo Yaya alipigana nayo kwa sabuni na majani ya mikaratusi yaliyochemshwa. Shemeji akawa anakula vijiko vitatu vya uji, kisha viwili. Alifariki Februari, Jumatano asubuhi, Yaya akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa nakanda unga wa mikate ya mafuta ya watu waliokuja kumwona. Hakuwa amemwambia Yaya. Au hakupata siku, au alisahau, au aliona si yake kusema. Nimeyageuza haya matatu miaka yote, sijui lipi.

Kabla ya maziko, ndugu zake walimketisha Yaya salon, mbele ya ule ubao, wakamwuliza ni nani alitoa wazo la kumlaza mtu mzima juu ya mbao. Akasema daktari. Wakauliza ni nani alitengeneza. Akasema ni wao wenyewe, nyumba yote, pamoja na marehemu. Hakutaja jina langu. Nilikuwa kwenye korido, na mtoto. Papa Albert akasema kwamba kidonda cha upande mmoja si cha ugonjwa, ni cha mkono wa mtu. Mlango wa salon ulikuwa wazi upana wa kiganja, na mimi nilikuwa na jibu la swali hilo, jibu la kweli, lisilo na uchawi wowote ndani yake, jibu la barza na mvua. Nadine alianza kulia. Nikamtoa nje kumbembeleza, na nilishukuru kwamba analia. Waliondoka na randa zote, misumeno yote, na saa ya ukutani. Tangu siku ile hawakumpa Yaya mkono. Alishona nguo za watu miaka thelathini, akamsomesha binti yake, na kila kilio cha upande wa mume alikwenda akaketi pembeni, peke yake, kwenye mkeka wake mwenyewe, kwa sababu alisema ni haki ya Donatien kuliliwa na mke wake kila familia yake inapokutana. Mara moja tu aliniuliza. Tulikuwa tunachambua maharage. Aliniuliza kama nilikumbuka kidonda kilikuwa upande gani. Nikasema nimesahau.

Kwetu, siku ya kufunga kilio, kabla watu hawajatawanyika, pande zote mbili za familia hukaa pamoja na huulizwa nani ana neno. Mwenye neno alitoe pale, na likishatolewa halirudiwi tena nyuma ya migongo. Asubuhi ya siku ile nilimwambia Nadine yote niliyoyaandika hapa, jikoni, tumekaa juu ya viti vifupi. Aliniuliza siku zilikuwa ngapi, tangu nilipoona fimbo mpaka niliposema. Nikamwambia kumi na tisa. Alirudia namba ile, akainuka, akaenda kupanga viti.

Papa Albert alikuwa ameketi mbele, mzee sasa, na fimbo yake katikati ya magoti. Watu walipoulizwa nani ana neno, nilisimama. Nilizungumza kama tunavyozungumza nyumbani, si kama mwalimu. “Ile mbao ya kwanza nilitengeneza miye,” nikasema. “Ilipinda. Nilijua ile siku. Nilinyamaza siku kumi na tisa, kidonda ikaanza.” Nilisikia sufuria zikioshwa nyuma ya nyumba. Papa Albert alinitazama muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka uso. Kisha akauliza kama Astride alijua.

Nikasema hakujua. Mpaka kufa, hakujua.

Aliinamisha kichwa, akawa anaigeuza fimbo yake mkononi. Yaya alikuwa na siku saba ardhini. “Basi tulimuonea,” akasema. Nadine hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.